NCAM1 au L1CAM: Kuchagua Protini ya Kushikamanisha Seli za Ubongo kwa Kazi ya Maabara

Mtafiti anayetafuta protini rikombinanti ya binadamu (yaani iliyotengenezwa na seli zilizopewa jeni yake maabarani) inayoshikamanisha seli za ubongo hukutana na majina mengi yanayofanana, lakini katika maabara nyingi shauri huishia kwenye mawili: NCAM1, ambayo wataalamu wa kinga huifahamu kwa jina la CD56, na L1CAM, ambayo huitwa pia CD171. Zote mbili ni za ukoo mkubwa wa imunoglobulini (ukoo ambao kingamwili pia zimo), zote hukaa juu ya utando wa seli ya neva, na zote huuzwa kwa mikrogramu chache kwa bei ambayo mwanafunzi wa uzamili hawezi kukosea mara mbili. Katika ulinganisho huu nitaziweka sambamba, kisha nitaeleza kwa nini naamini kwamba jina la protini ni nusu tu ya uchaguzi, kwa kuwa seli iliyoitengeneza na kipande cha ziada kilichoungwa mwishoni mwake vinaweza kugeuza jibu la jaribio kuliko tofauti iliyopo kati ya protini zenyewe.

Protini mbili za ukoo mmoja

NCAM1 ndiyo ya kwanza kutambuliwa. Gerald Edelman na wenzake waliieleza katika miaka ya 1970 walipokuwa wakichunguza jinsi seli za retina ya kiinitete cha kuku zinavyotafutana na kushikana. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 11. Sehemu yake ya nje ya seli ina domeni tano (vipande vya protini vinavyojikunja kila kimoja peke yake) za aina ya imunoglobulini zikifuatiwa na mbili za aina ya fibronektini, na molekuli ya seli moja hushikana na molekuli ya namna ileile iliyo kwenye seli jirani. Vitabu huitaja kwa maumbo matatu makuu, yaani ya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 120, 140 na 180, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza muda bure. Maumbo hayo hutofautiana hasa katika namna yanavyojishikiza kwenye utando na katika mkia ulio ndani ya seli: la 120 limefungwa kwa mafuta ya utando bila mkia wa ndani, ilhali mengine mawili huupenya utando. Protini inayouzwa ikiwa imeyeyuka kwa kawaida ni ile sehemu ya nje peke yake, kwa hiyo kuuliza kama ni ya 140 au ya 180 hakukusaidii kitu. Swali lenye maana ni kama mfuatano uliotumika una kile kipande kidogo cha asidi amino 10, kiitwacho VASE, ambacho huingizwa katika domeni ya nne. Kipande hicho huongezeka ubongo unapokomaa, nacho hupunguza uwezo wa NCAM kuzichochea neva zirefuke. Anayechunguza ukuaji wa neva akinunua umbo lenye VASE bila kujua, atapima breki akidhani anapima mafuta ya gari.

Jambo la pili kuhusu NCAM1, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, ni asidi ya polisialiki. Hii ni minyororo mirefu ya sukari yenye chaji hasi, ambayo vimeng'enya viwili, ST8SIA2 na ST8SIA4, huiunganisha kwenye domeni ya tano. Katika ubongo wa kiinitete minyororo hiyo huweza kufikia takriban 30% ya uzito wa NCAM, na katika ubongo wa mtu mzima hushuka hadi takriban 10%. Kazi yake ni kuzitenganisha seli: huvuta maji, huchukua nafasi, na kuzizuia tando mbili zisikaribiane, ndiyo maana neva changa huweza kusafiri na kujipanga upya. NCAM yenye sukari hiyo na NCAM isiyo nayo zina jina moja kwenye orodha ya bidhaa, lakini zikiwekwa kwenye bakuli la seli hufanya kazi zinazokinzana. Inafaa kukumbuka pia kwamba minyororo hiyo ina muundo uleule wa ganda la bakteria wa homa ya uti wa mgongo wa kundi B, Neisseria meningitidis, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya chanjo ya kundi hilo kushindwa kutengenezwa kwa njia ya kawaida ya kutumia ganda, kwa vile mwili huiona sukari hiyo kuwa yake. Kingamwili inayotambua sukari hiyo haiwezi kukuthibitishia kwamba unayo protini ya NCAM, wala ile inayotambua protini haiwezi kukuthibitishia kwamba sukari ipo. Zinahitajika zote mbili.

L1CAM ilielezwa mwaka 1984 na Fritz Rathjen na Melitta Schachner kutokana na ubongo wa panya. Ni kubwa zaidi: domeni sita za imunoglobulini na tano za fibronektini, na uzito wa protini nzima pamoja na sukari zake hukaribia kilodaltoni 200 au kuzidi. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, kwa hiyo mabadiliko yake huwapata zaidi watoto wa kiume, ambao huzaliwa na maji kichwani, vidole gumba vilivyokunjwa kuelekea kiganjani, na miguu inayokakamaa. Kiwango kinachotajwa mara nyingi kwa aina hiyo ya maji kichwani ni mtoto 1 kati ya takriban 30,000 wa kiume wanaozaliwa. Domeni zake nne za mwanzo hujikunja na kurudi nyuma mithili ya kiatu cha farasi, na domeni ya sita ina alama ya RGD (asidi amino tatu mfululizo) ambayo huzishika integrini, ambazo ni protini nyingine za kushikamana. L1CAM hushikana na L1CAM mwenzake, lakini hushikana pia na washirika wengi wengine, miongoni mwao neuropilini-1 na kontaktini. Nayo ina kipande kidogo cha kuangalia kabla ya kununua: umbo la kwenye neva lina asidi amino chache karibu na mwanzo wa protini ambazo hazimo katika umbo la seli zisizo za neva.

Swali ndilo linalochagua

Kama lengo ni kuzifanya neva zirefushe nyuzi juu ya sakafu uliyoipaka protini, ningechagua L1CAM bila kusita sana. Mwaka 1987 Carl Lagenaur na Vance Lemmon walionyesha kwamba molekuli ya aina ya L1 iliyosafishwa na kupakwa juu ya nitroselulosi huwa sakafu yenye nguvu sana ya kurefusha nyuzi za neva, na tangu hapo njia hiyo imeendelea kutumika. Ushahidi mwingi wa NCAM katika kazi ya namna hiyo ulitoka kwa njia nyingine: seli za fibroblasti (seli za tishu unganishi) zilizopewa jeni ya NCAM zilitandikwa chini, na neva zikaoteshwa juu yake, kama walivyofanya Patrick Doherty na Frank Walsh. Tofauti hiyo si ndogo. Protini iliyo juu ya seli hai husogea ndani ya utando, hujikusanya mahali pamoja, na kusimama wima. Ile iliyopakwa kwenye plastiki hulala jinsi ilivyoangukia. Anayetegemea matokeo ya fibroblasti kisha akanunua NCAM ya kichupa kwa matumaini ya kuona kitu kilekile anajiwekea mtego.

Kama lengo ni virusi vya kichaa cha mbwa, jibu ni NCAM1, na hili linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa ugonjwa huo bado unaua watu wetu, hasa watoto wanaoumwa na mbwa vijijini. Mwaka 1998 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba NCAM ni mojawapo ya milango ambayo virusi hivyo huitumia kuingia katika seli, na kwamba NCAM iliyoyeyuka ikichanganywa na virusi hupunguza sana uwezo wao wa kuambukiza. Si mlango pekee, maana vipokezi vingine kama kile cha asetilikolini na p75NTR vimetajwa pia, na ndiyo sababu jaribio la namna hii linahitaji protini ya kulinganishia yenye umbo la kufanana. Kwa nafasi hiyo L1CAM hufaa, ikiwa imetengenezwa katika seli za aina ileile na kuungwa kipande kilekile.

Kuhusu maji kichwani ningependa kutoa tahadhari. Ni rahisi kudhani kwamba maabara yetu yoyote inayochunguza tatizo hilo inapaswa kuagiza L1CAM. Lakini kazi iliyofanyika Mbale, Uganda, ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya watoto waliofikishwa huko wakiwa na maji kichwani walipata hali hiyo baada ya maambukizi ya utotoni. L1CAM ina nafasi pale ambapo kuna historia ya kifamilia inayofuata watoto wa kiume, na swali ni kama badiliko fulani la jeni linaiharibu protini. Katika kazi hiyo hata protini ya kawaida haitoshi. Unahitaji na ile yenye badiliko, iliyotengenezwa kwa namna ileile.

Anayechunguza madhara ya pombe kwa mtoto aliye tumboni ana sababu nzuri ya kuchukua L1CAM, kwani katika miaka ya 1990 kikundi cha Michael Charness kilionyesha kwamba ethanoli, kwa viwango ambavyo mnywaji huvifikia kwenye damu, huzuia mshikamano unaoletwa na L1. Kwa upande wa seli za kinga zinazoua seli zenye saratani au virusi, alama ya CD56 inahitaji NCAM1, na hapo mara nyingi protini hutumika kukagua kingamwili tu. Anayetaka L1CAM ili kukamata vifuko vidogo vya seli za ubongo vilivyomo kwenye damu asome kwanza kazi iliyochapishwa mwaka 2021, ambayo ilionyesha kwamba L1CAM iliyomo katika plazima na katika maji ya uti wa mgongo huonekana kuwa imeyeyuka, haikuambatana na vifuko hivyo. Ni afadhali kujua hilo kabla ya kutuma fedha.

Kuna jina la tatu ambalo hujitokeza katika orodha hizohizo, N-kadherini. Siipingi, lakini yenyewe haishikamani bila kalisi, na EDTA (kemikali inayoifunga kalisi) kidogo tu kwenye bafa, yaani mmumunyo wa jaribio, huiua kazi yote. NCAM1 na L1CAM hazidai kalisi ili zishikane, jambo linalorahisisha maisha ya anayeanza.

Imetengenezwa katika seli gani

Hapa ndipo ningeomba msomaji atulie. Protini ya bei ya chini kwa kawaida imetengenezwa katika bakteria E. coli. Bakteria huyo hukua haraka na hutoa protini nyingi, lakini hauungi sukari za binadamu, na ndani yake mazingira hayaruhusu kirahisi viungo vya salfa kufungika. Kila domeni ya imunoglobulini hushikiliwa na kiungo cha namna hiyo katikati, kwa hiyo protini hizi hutoka zikiwa mabonge yasiyoyeyuka, nazo hulazimika kufumuliwa kwa kemikali na kukunjwa upya. Domeni moja au mbili huweza kukunjika vizuri. Domeni kumi na moja za L1CAM kwa mfululizo ni jambo jingine. Ndiyo maana bidhaa nyingi za E. coli ni vipande tu. Vipande hivyo vina matumizi halali: kama kipimo cha kulinganishia kwenye jeli ya kutenganishia protini kwa uzito, kama chanjo ya kumpa sungura ili atoe kingamwili, au kuthibitisha kwamba kingamwili yako inatambua sehemu fulani ya mfuatano. Kwa jaribio la kushikamana au la ukuaji wa neva nisingevitumia, hata vingetolewa bure.

E. coli huacha pia endotoksini, yaani mabaki ya ganda lake. Mikroglia, ambazo ni seli za ulinzi za ubongo, huitikia endotoksini kwa kiasi kidogo mno, zikaanza kumwaga kemikali za uvimbe zinazobadilisha tabia ya neva zilizo karibu. Mtafiti asiyejua ataandika kwamba NCAM huamsha mikroglia, kumbe ni uchafu. Karatasi ya maelezo hutaja kiwango cha endotoksini kwa mikrogramu. Chini ya uniti 1 kwa mikrogramu ni kawaida, lakini kwa seli za ubongo zilizochanganyika ningetafuta kiwango cha chini ya hapo.

Seli za HEK293, ambazo asili yake ni figo ya kijusi cha binadamu na zilianzishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1973, hukunja protini hizi vizuri na kuziunga sukari za kibinadamu. Seli za CHO za hamsta hufanya kazi karibu sawa. Seli za NS0 za panya, ambazo baadhi ya wazalishaji huzitumia, hukunja vizuri lakini huunga baadhi ya sukari ambazo mwili wa binadamu hauna, kwa hiyo anayepima mwitikio wa kinga wa binadamu aziepuke. Seli za wadudu ziko katikati: mkunjo mzuri, sukari fupi zisizo na asidi ya sialiki. Kwa L1CAM ningechukua HEK293 au CHO. Kwa NCAM1 ningechukua hizohizo, kisha ningemwandikia muuzaji swali moja la wazi: je, protini hii ina asidi ya polisialiki, na imepimwaje? Seli kuwa za binadamu si hakikisho, kwa sababu minyororo hiyo hujengwa pale tu vimeng'enya vyake vinapokuwapo. Jibu likiwa la kukwepa, chukulia kwamba haipo hadi upime mwenyewe kwa kingamwili yake, ukilinganisha na sampuli iliyokatwa kwa endoneuraminidasi, kimeng'enya kinachoikata minyororo hiyo.

Kipande kilichoungwa mwishoni

Protini nyingi za aina hii huungwa ama histidini (asidi amino mojawapo) sita hadi kumi, ama mkia wa Fc uliokatwa kutoka kwenye kingamwili ya binadamu ya IgG1. Histidini ni ndogo, huiacha molekuli ikiwa moja moja, na huivuruga kidogo sana. Mkia wa Fc huzifunga molekuli mbili mbili. Kwa sakafu ya kuoteshea neva huo ni msaada mkubwa: ukitangulia kupaka protini A (protini ya bakteria inayoshika Fc) au kingamwili dhidi ya Fc, molekuli husimama zikiwa zimeelekea juu, na zikiwa mbili mbili hushika kwa nguvu zaidi. Kwa kazi ya kupima nguvu halisi ya mshikamano kati ya molekuli mbili huo ni upotoshaji, kwa kuwa mikono miwili ikishika pamoja huonekana kuwa na nguvu kuliko mkono mmoja ulivyo kweli. Hapo histidini ndiyo chaguo.

Fc ina gharama nyingine isiyotajwa sana. Mikroglia zina vipokezi vya Fc, kwa hiyo zitaishika protini yako kwa mkia badala ya kwa kichwa. Na kingamwili ya pili dhidi ya IgG ya binadamu itawaka kila mahali ulipopaka protini hiyo, hata kama kingamwili ya kwanza haikushika kitu.

Uzito, unga na safari

Linganisha kwa idadi ya molekuli, si kwa mikrogramu. Sehemu ya nje ya NCAM1 ina takriban asidi amino 700, na ya L1CAM takriban 1,100. Ukikadiria dalton 110 kwa kila moja, unapata kilodaltoni 77 kwa 120 bila sukari. Maana yake ni kwamba mikrogramu 10 kwa mililita ni takriban nanomola 130 za NCAM1 lakini nanomola 83 tu za L1CAM. Anayepaka zote mbili kwa uzito uleule ameipa NCAM1 faida ya zaidi ya nusu kwa idadi ya molekuli. Sukari na mkia wa Fc, unaoongeza takriban kilodaltoni 26 kwa kila mnyororo, hubadilisha hesabu hiyo, kwa hiyo irudie kwa bidhaa uliyo nayo mkononi. Usishtuke pia jeli ikionyesha uzito mkubwa kuliko wa hesabu. Sukari ndizo zinazoichelewesha.

Kwa sisi tunaoagiza kutoka ng'ambo, unga uliokaushwa kwa baridi ni bora kuliko kimiminika, kwa sababu barafu huisha njiani lakini karatasi za forodha haziishi. Niliwahi kupokea kasha ambalo vifurushi vyake vya barafu vilikuwa maji ya uvuguvugu. Kichupa cha unga kilichokuwamo kilifanya kazi, cha kimiminika kilikuwa na chembe nyeupe chini. Unga huo uyeyushwe kwa PBS (maji ya chumvi ya fosfati) safi isiyo na vijidudu kwa kiwango ambacho muuzaji ameelekeza, uachwe utulie bila kutikiswa kwa nguvu, kisha ugawanywe katika vichupa vya matumizi ya mara moja. Friza inayojiyeyushia barafu yenyewe haifai, kwa kuwa joto lake hupanda na kushuka kila siku, na umeme unaokatika una athari hiyohiyo.

Chagua pia kati ya protini iliyo peke yake na ile iliyochanganywa na albumini ya ng'ombe. Albumini huilinda protini isigande kwenye kuta za kichupa, lakini ukipaka mchanganyiko huo kwenye plastiki, albumini, ambayo ni nyingi mno, ndiyo itakayojaza nafasi. Kwa sakafu ya neva, chukua isiyo na albumini.

Kabla ya kulipa, jiulize kama unahitaji yoyote kati ya hizi. Anayetaka neva zishike bakuli na kukua, bila swali lolote juu ya protini mahususi, anatosheka na polilisini na laminini, vipakwa vya kawaida vya bakuli la seli, ambazo ni nafuu na zinajulikana. Lakini kama umeamua kununua, weka katika agizo hilohilo Fc tupu iliyotengenezwa katika seli zilezile, pamoja na kingamwili inayozuia protini uliyochagua, ili vyote vifike kwa kasha moja na ushuru mmoja. Paka bakuli moja kwa protini, la pili kwa Fc tupu, la tatu kwa protini iliyochemshwa, na la nne kwa protini pamoja na kingamwili ya kuzuia. Neva zikirefuka katika la kwanza peke yake, hapo ndipo unaweza kuanza kuandika jina la NCAM1 au L1CAM katika matokeo yako.